Lahani ya Mlanguzi: Utamu wa Muziki na Dhima ya Msikilizaji katika Filamu ya The Third Man

Mjadala kuhusu uhusiano wa ujumi na maadili ni mkongwe kuliko taaluma ya uhakiki yenyewe. Katika Jamhuri, Plato alikwisha kupendekeza kwamba baadhi ya mitindo ya muziki, hasa ile ya maombolezo na ile ya karamu za ulevi, iondolewe katika dola aliyoiwazia. Aliamini kuwa muziki hupenya hadi ndani kabisa ya nafsi kabla akili haijapata fursa ya kuuhoji. Waliomfuata wamemlaumu kwa ukali huo, na pengine kwa haki. Hata hivyo, swali aliloliacha halijapata jibu linalotosheleza: je, msikilizaji anawajibika kwa raha aipatayo kutokana na lahani inayompendekezea uovu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani filamu ya The Third Man iliyoelekezwa na Carol Reed kutokana na hadithi ya Graham Greene, na kutolewa mwaka 1949. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu ni vigumu kuupata mwingine ambamo lahani imekumbukwa sana kiasi hiki, na jambo ambalo lahani hiyo ilitungiwa likasahauliwa sana kiasi hiki.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Holly Martins, Mmarekani anayejipatia riziki kwa kuandika riwaya pendwa za makauboi, anawasili Vienna kwa mwaliko wa rafiki yake wa tangu shuleni, Harry Lime, aliyemwahidi kazi. Anaambiwa kuwa Lime amegongwa na gari akafa, naye anawahi mazishi tu. Kidogo kidogo anagundua kwamba rafiki yake yu hai na kwamba ni mlanguzi wa penisilini. Dawa hiyo iliibwa katika hospitali za kijeshi, ikazimuliwa, kisha ikauzwa kwa wagonjwa waliokuwa mahututi, wakiwemo watoto wenye homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya watoto hao walikufa na wengine wakaharibika akili. Mwishoni Martins anakubali kuwasaidia polisi wa kijeshi wa Kiingereza, na mkono wake ndio unaommaliza Lime katika mitaro ya majitaka chini ya mji.

Jambo la kwanza linalomkabili mtazamaji, kabla ya kisa chenyewe, ni mji. Vienna ya filamu hii ni mji wa ajabu, na ajabu yake haikubuniwa na wasanii. Kuanzia mwaka 1945 hadi 1955 mji huo ulikuwa chini ya mataifa manne yaliyoshinda vita, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Sovieti. Kila taifa lilikuwa na eneo lake. Sehemu ya katikati ilikuwa ya wote, na usimamizi wake ulipokezanwa kila mwezi. Askari wanne wa mataifa manne walizunguka katika gari moja, bila lugha ya pamoja, wakiulinda mji ambao haukuwa wao. Hali ya namna hii ingeonekana kama njozi ya mwandishi mwenye ubunifu uliopindukia, lakini ndiyo iliyokuwa kawaida ya kila siku. Kazi ya Reed na mpigapicha wake, Robert Krasker, ilikuwa kuutafutia ukweli huo umbo linaloufaa. Waliinamisha kamera, kuta zikaonekana zikielemea upande, ngazi zikapanda pasipo mwisho, na vivuli vya watu vikawa virefu kuliko majumba. Krasker alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Kuna mbinu nyingine ambayo wahakiki hawaitaji mara nyingi. Wenyeji wa Vienna wanazungumza Kijerumani katika filamu hii, na maneno yao kwa kawaida hayafasiriwi. Mtazamaji asiyejua lugha hiyo anawekwa palepale alipo Martins: anaona midomo ikitikisika, anaona hasira au hofu usoni, na maana inampita. Mtoto mdogo anamnyooshea Martins kidole mbele ya umati, akirudia maneno ambayo yeye hayaelewi, na mpaka atakapotambua kuwa anatuhumiwa kuua, umati umekwisha kuanza kumfuata. Mlinzi wa nyumba aliyokaa Lime ndiye aliyemfunulia Martins kwamba palikuwa na mtu wa tatu mahali pa ajali, na kwa sababu hiyo ameuawa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mji huu methali imegeuzwa kichwa chini: mgeni amekuja na mwenyeji amekufa, na amekufa kwa sababu mgeni aliuliza maswali katika mji asioujua.

Tukio linalofuata ndilo kilele cha ajabu ya safari hiyo. Martins anapanda teksi. Dereva anaiondosha kwa kasi kabla hajaambiwa pa kwenda, haitiki anapoitwa, na gari linakata giza kama kwamba limetumwa. Martins anaamini kwamba anapelekwa kuuawa. Mlango unapofunguliwa, anajikuta mbele ya hadhira iliyoketi kwa adabu ikimsubiri atoe mhadhara kuhusu riwaya ya kisasa, kwa kuwa afisa mmoja wa mambo ya utamaduni amemdhania kuwa ni mwandishi mkubwa. Anaulizwa kuhusu James Joyce. Mwandishi wa makauboi hana la kusema, na wasikilizaji wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Msomaji wa jarida la uhakiki hana budi kutabasamu hapa, na tabasamu lenyewe lina uchungu kidogo, kwani ukumbi wa mhadhara ndio mahali pekee katika mji mzima ambapo maswali yanaulizwa kwa lugha anayoielewa Martins, na hata huko hayaelewi. Dakika chache baadaye anapanda ngazi mbio akiwakimbia wauaji, anajificha katika chumba cha giza, na anaumwa kidole na kasuku.

Msomaji wa Nagona ya Kezilahabi hatastaajabia safari isiyofuata mantiki ya kawaida. Lakini tofauti ni muhimu. Katika Nagona ulimwengu wenyewe umevunjwa kwa makusudi ya kifalsafa, na msomaji anajua tangu mwanzo kuwa hatembei katika mji unaoweza kuonyeshwa kwenye ramani. Katika The Third Man barabara zipo, makaburi yapo, gurudumu la Prater lipo. Kilichovunjika ni uhusiano wa mgeni na mahali: kila kitu ni cha kweli na hakuna kinachomhusu.

Katika hali hiyo ya upweke ndipo muziki unapofanya kazi yake. Filamu inapoanza, sauti ya msimulizi, ambayo katika toleo la Uingereza ni ya Reed mwenyewe, inaikana Vienna ya zamani ya Strauss na ya haiba zake. Kukana huko kulikuwa pia uamuzi wa kimuziki. Ilitarajiwa kwamba filamu ihusuyo Vienna ingesheheni okestra. Badala yake Reed alichagua ala moja tu, zitha. Hii ni ala ya nyuzi nyingi zilizotandazwa juu ya kisanduku cha mbao kilicholazwa mezani. Mpigaji hudonoa lahani kwa kidole gumba chenye pete huku vidole vingine vikipiga nyuzi za kusindikiza. Msikilizaji wa taarabu ataitambua mara moja kuwa ni jamaa ya kanuni, ingawa kanuni ina upole ambao zitha haina. Aliyeipiga, Anton Karas, alizaliwa Vienna mwaka 1906 na alikuwa akitumbuiza katika vilabu vya mvinyo vya mji huo. Reed alimsikia katika karamu mwishoni mwa mwaka 1948, wakati wa kupiga picha za filamu, kisha akamchukua hadi London, alikotunga na kurekodi muziki wa filamu nzima kwa majuma mengi. Hakuwa ametunga muziki wa filamu kabla ya hapo.

Picha ya kwanza katika filamu ni nyuzi za zitha zikitetema chini ya majina ya wasanii. Mkono wa mpigaji hauonekani. Nyuzi zinasogea zenyewe, na lahani inatoka kama kwamba haina mwenyewe wa kuulizwa. Ni lahani ya kuchangamka, yenye mdundo wa mtu anayetembea mikono mfukoni, asiye na deni wala miadi. Katika mji ulioinamishwa, lahani ndiyo kitu pekee kisichoinama. Inamwongoza mtazamaji, inamzoesha vichochoro, na inampa hakika kwamba mambo si mabaya sana. Kwa maneno mengine, mgeni anayekosa mwenyeji anapewa muziki uwe mwenyeji wake.

Mwenyeji huyo ni nani? Harry Lime haonekani mpaka zaidi ya saa nzima ipite, katika filamu ya dakika 104. Muda wote huo anazungumzwa tu, na lahani inasikika. Kisha usiku mmoja paka anajisugua kwenye viatu vya mtu aliyesimama mlangoni gizani, dirisha la jirani linafunguliwa, mwanga unaanguka, na uso wa Orson Welles unatokea ukiwa na tabasamu la mtu aliyefumaniwa katika utani. Hapo nyuzi zinapasuka kwa lahani ileile. Mtazamaji anagundua kwa ghafla kwamba anamfahamu mtu huyu tangu zamani. Amekuwa naye saa nzima. Amekuwa akitembea kwa mwendo wake. Urafiki umekwisha kufungwa kabla mtazamaji hajaulizwa kama anautaka, sawasawa na Martins, aliyempenda Lime utotoni, kabla ya umri wa kupima watu.

Wapo watakaopinga hoja hii tangu msingi wake. Watasema kwamba lahani ni mpangilio wa sauti na haina maadili: nyuzi hazijui penisilini ni nini. Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyodhaniwa na wahakiki wanaopenda kuona itikadi katika kila noti. Ni kweli kwamba msikilizaji asiyeijua filamu anaweza kuifurahia lahani ya Karas bila hatia yoyote, kama anavyofurahia upepo wa jioni. Lakini pingamizi linajibu swali jingine. Makala haya hayadai kuwa sauti fulani ni ovu. Yanauliza kuhusu msikilizaji ambaye anajua, ambaye ameuona mlango na tabasamu, ameelezwa kuhusu watoto, na bado raha yake haikupungua. Adorno na Eisler, katika kitabu chao kuhusu utunzi wa muziki wa filamu kilichotoka mwaka 1947 (jina la Adorno halikuwekwa kwenye toleo hilo la kwanza), walilaumu muziki wa filamu kwa kumbembeleza mtazamaji mpaka asihisi ubaridi wa kile anachokitazama. Lawama yao ilielekezwa kwa viwanda vya filamu. Iliwaacha wasikilizaji nje, kana kwamba wao walikuwa watoto waliolazwa kwa nyimbo na hawakuwa na la kufanya.

Ndani ya filamu yenyewe, ni lazima isemwe kwamba Reed hana kosa. Utamu wa lahani ni sehemu ya hoja ya kimaadili ya filamu. Laiti Lime angeingia kwa ngoma za kutisha kama waovu wa sinema za kawaida, kumsaliti kusingemgharimu Martins chochote, na mtazamaji angekaa upande wa haki bila jasho. Filamu inamtaka mtazamaji ampende Lime hasa ili ajue bei ya kumkataa. Tena Reed anajua pa kuuondoa muziki. Katika msako wa mwisho ndani ya mitaro, kwa sehemu kubwa zitha imenyamaza. Panasikika maji, buti, mbwa, na sauti za watu zinazogongana na kuta hadi haijulikani zimetoka wapi. Lime, akiwa amekosa lahani yake, ni mtu anayetafuta tundu la kutokea tu, na vidole vyake vinachomoza kwenye wavu wa chuma barabarani bila kuweza kuusukuma.

Tukio la hospitali linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Martins amekwisha kuamua kuondoka mjini. Meja Calloway anamsimamisha njiani kwa muda mfupi na kumwingiza katika wodi ya watoto waliotibiwa kwa dawa ya Lime. Kamera inauonyesha uso wa Martins, inawaonyesha wauguzi, inaonyesha dubu wa kuchezea akitupwa chini. Haiwaonyeshi watoto. Uamuzi huu umesifiwa kuwa ni wa staha, na ndivyo ulivyo. Lakini una tokeo ambalo huenda Reed hakulikusudia. Lime amepewa uso wenye tabasamu, sauti ya kuvutia, na lahani isiyosahaulika. Watoto hawakupewa hata sura. Mtazamaji anapotoka ukumbini, kumbukumbu yake inabeba kile kilichopewa umbo. Kinachobaki ni mluzi.

Na ukweli wa kihistoria ni kwamba mluzi ndio uliobaki. Mwaka 1950 rekodi ya Karas ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 11. Ilichezwa katika mikahawa na kumbi za dansi na watu wengi mno ambao hawakuwahi kuiona filamu. Hao hawana deni. Kilichofuata ndicho kinachohitaji kuelezwa. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1952 ulitangazwa mfululizo wa michezo 52 ya redio ambamo Welles aliigiza Lime tena, safari hii katika miaka iliyotangulia kifo chake. Kila mchezo ulifunguliwa kwa zitha ya Karas, ikakatizwa na mlio wa bastola, kisha sauti ya marehemu ikamkaribisha msikilizaji. Lime wa redio ni laghai mcheshi anayewazidi maarifa matajiri na walaghai wenzake. Wodi ya watoto haimhusu tena. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 akaja Lime wa televisheni, akiigizwa na Michael Rennie, naye alikuwa mfanyabiashara mwungwana anayetatua uhalifu wa wengine. Katika muda wa miaka 10 tu mwuaji wa watoto aligeuzwa mlinzi wa sheria, na kitu kimoja kilichovuka nacho kutoka hatua hadi hatua kilikuwa jina lake pamoja na lahani.

Ni vigumu kuamini kwamba hadhira ya umma ingemkubali mlanguzi wa penisilini kuwa shujaa wa kila juma endapo angeletwa kwa maneno matupu. Lahani ndiyo iliyomkosha. Haikusema uongo wowote, kwa kuwa lahani haisemi; ilikumbusha raha ya kwanza bila kukumbusha sababu ya kuionea haya. Uzuri wa mkakasi, wasema wahenga, ndani kipande cha mti. Methali hiyo inamwonya mnunuzi asiyejua kilichomo ndani. Hapa wanunuzi walikwisha kufunguliwa mkakasi wakaonyeshwa, kisha wakaufunga tena wenyewe.

Hali hii inamgusa msafiri kwa namna ya pekee. Wageni huenda Vienna wakiwa na lahani hiyo masikioni. Mitaro ya majitaka hutembelewa kwa kiingilio. Kuna makumbusho ya filamu hiyo yaliyofunguliwa mwaka 2005. Sinema moja karibu na jumba la opera imeionyesha filamu hiyo kwa miaka mingi. Msafiri wa aina hii anakumbana na ajabu ambayo ni kinyume cha ile ya Martins. Martins hakuutambua mji hata kidogo. Huyu anautambua kupita kiasi. Anapita katika barabara za mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi, naye anaona mlango wa Lime, ngazi za Lime, gurudumu la Lime. Mwenyeji wake ni yuleyule aliyempokea ukumbini.

Gurudumu hilo ndilo pahali ambapo swali la makala haya linauma zaidi. Lilijengwa mwaka 1897 na mhandisi wa Kiingereza, Walter Bassett, na urefu wake unakaribia mita 65. Ndani ya kibanda chake kimoja, Lime anamwonyesha Martins watu walio chini, wadogo kama nukta, na kumwuliza kwa utulivu kama kweli angehuzunika endapo baadhi ya nukta hizo zingeacha kutembea, hasa ikiwa kila moja ingemwingizia paundi 20,000. Hotuba hiyo, pamoja na maneno ya baadaye kuhusu Uswisi na saa za ukutani ambayo Welles aliyaongeza mwenyewe, imenukuliwa na kufurahiwa tangu hapo. Kinachosimuliwa kwa nadra ni habari ya gurudumu lenyewe. Lilikuwa mali ya Eduard Steiner, mfanyabiashara Myahudi kutoka Prague. Mwaka 1938, Austria ilipotwaliwa na Ujerumani ya Hitler, alinyang'anywa. Mwaka 1944 aliuawa Auschwitz. Mwaka huohuo gurudumu liliungua, na lilipofufuliwa mwaka 1947 lilirudishiwa vibanda 15 tu kati ya 30 vya awali.

Hivi ni kusema kwamba Lime anatoa hotuba yake kuhusu nukta zinazoweza kufutwa kwa faida akiwa amening'inia katika mali iliyoporwa ya mtu aliyefutwa. Wayahudi wa Austria waliouawa katika miaka hiyo walikuwa takriban 65,000, wengi wao wakiwa wakazi wa Vienna. Filamu iliyopigwa picha miaka mitatu na nusu baada ya vita haiwataji. Labda ni kudai mengi mno kumtaka Reed aseme kila jambo; hadithi aliyoichagua ilikuwa ya ulanguzi. Lakini msafiri wa leo, anayekata tikiti na kupanda kibanda akipiga mluzi wa Karas, hana udhuru wa mwaka 1949. Habari za Steiner zinajulikana. Akizijua na bado mluzi ukamtoka vilevile kama mwanzo, basi ana jambo la kujieleza, na hawezi kulibebesha Karas wala ala yake.

Mtu anaweza kuuliza: ajieleze kwa nani? Raha ya muziki ni jambo la ndani, na ukumbi wa sinema umejengwa ili kila mtu afurahi gizani peke yake. Hapa mfano wa taarabu unaweza kusaidia. Tangu vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, hadi mipasho ya siku za karibuni, muziki huu umejua vyema kubeba sumu kwa sauti tamu. Kanuni na fidla zinabembeleza huku shairi likichoma. Lakini msikilizaji wa taarabu hakai gizani. Ubeti unapomgusa, anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, na kumtuza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Kila aliyepo anaona ni ubeti upi uliomwinua. Jirani yake anajua amepigwa kijembe na nani, na juma lijalo naye anaweza kuinuka kwa ubeti wa kujibu. Raha yake ina jina lake juu yake, na anayeumia ana njia ya kujibu.

Hii haina maana kwamba mipasho ni ya haki. Mara nyingi ni ya ukatili, na wanyonge wameumizwa nayo pasipo kosa. Maana yake ni kwamba desturi ya kutuza inaitambua raha kuwa ni tendo, kitu ambacho mtu amekifanya na ambacho anaweza kuulizwa. Mtazamaji wa The Third Man hainuki. Lime anapotabasamu mlangoni na nyuzi zinapolia, moyo wa mtazamaji unamtuza mlanguzi fedha yote iliyomo, na hakuna aliyeona. Na watoto wa wodini, ambao katika taarabu wangekuwa wameketi mstari wa pili, hawamo ukumbini kumjibu.

Katika filamu nzima kuna mtu mmoja tu anayetuza mbele za watu. Anna Schmidt, mpenzi wa Lime, ni mkimbizi kutoka Chekoslovakia mwenye karatasi za kughushi. Ameelezwa yote kuhusu penisilini na ameyaamini. Hasemi kwamba Lime hana hatia na hataki tena kumwona, wala hakubali kununua usalama wake mwenyewe kwa kumkabidhi. Uamuzi wake unaweza kulaumiwa, na wahakiki wamemlaumu kwa kuwasahau watoto. Lakini hajificha. Alimpenda mtu huyo, anasema hivyo, na analipa kwa kila kitu alicho nacho.

Greene alitaka hadithi imalizike kwa Anna kumshika mkono Martins wakiondoka makaburini. Reed alikataa, na Greene alikiri baadaye, katika dibaji ya kitabu kilichochapishwa mwaka 1950, kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi. Katika picha ya mwisho Lime amezikwa kwa mara ya pili, safari hii kwa kweli. Barabara ya makaburini ni ndefu, miti imepukutika pande zote mbili, na kamera haijainamishwa. Anna anakuja kutoka mbali. Martins, aliyeshuka garini ili amsubiri, ameegemea ukingoni. Zitha inapigwa polepole kwa muda wote ambao Anna anatembea, na muda huo ni mrefu kupita desturi ya sinema. Anamfikia, anampita bila kugeuza uso, na kutoka nje ya picha. Martins anawasha sigara na kutupa kijiti. Nyuzi zinaendelea kidogo.